Kuni za Juni hupasuliwa Septemba

Mimi ni mtu wa Tanga. Mpaka napita miaka thelathini sikuwa nimewahi kulala na blanketi mbili. Kisha ajira ya ualimu ikanileta Njombe, na nikaripoti Julai. Anayeijua Njombe ya Julai hahitaji kuelezwa. Asiyeijua afikirie friji ya samaki, halafu aongeze ukungu na upepo. Nyumba tuliyopanga, ambayo baadaye tuliinunua, ilikuwa na sehemu ya kuotea moto sebuleni, ya tofali za kuchoma, na dohani yake imechomoza juu ya bati. Mama watoto aliipenda hata kabla hajauliza maji yanatoka mara ngapi kwa wiki.

Tuliitumia kama tunavyotumia jiko: baridi ikija unawasha, ikiisha unasahau. Misimu miwili ikapita salama. Msimu wa tatu, kama saa mbili usiku, nikasikia muungurumo ndani ya ukuta, kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Nikadhani ni upepo. Nilipotoka nje niliona cheche zinaruka kutoka juu ya dohani mpaka kwenye paa la jirani. Nikakimbilia ndoo ya maji. Jirani yetu, mzee wa Kibena ambaye siku zote huongea taratibu, alikuwa ameshafika uani amejifunga blanketi. Akanishika mkono: "Mwanangu, watoto nje kwanza. Na hayo maji weka chini."

Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Maji baridi yakigusa tofali zilizoiva hivyo, zinapasuka, na mvuke unaorudi unaweza kukuunguza uso. Tulichofanya ni kuinyima moto hewa: tulichukua kipande cha bati tukakiegemeza kwenye mdomo wa meko, tukafunga milango, tukasubiri nje. Nilipaswa pia kupiga 114, namba ya Zimamoto, dakika ile ile. Sikuikumbuka, na sasa imebandikwa ukutani jikoni. Moto ulikufa wenyewe. Asubuhi fundi alipopanda darini alikuta mbao mbili zimekuwa nyeusi kama mkaa. Aliyejenga nyumba hiyo alizilaza zikiegemea dohani, bila kuacha nafasi hata ya kidole. Kati ya mbao na dohani ya tofali panatakiwa kuwe na uwazi wa sentimita tano hivi. Ukiwa na nyumba yenye dohani, panda darini kesho na tochi uangalie hilo kabla ya jingine lolote.

Kilichowaka mle ndani hakikuwa kuni. Moshi wa kuni mbichi ni mzito, una mvuke na mafuta ya mti ambayo hayakuungua. Ukipanda na kukutana na tofali za baridi huko juu, unaganda. Mara ya kwanza unaacha masizi laini, yanayofutika kwa kidole. Yakiendelea yanakuwa magamba meusi, halafu yanakuwa kitu kinachong'aa kama lami iliyomwagika. Hiyo lami inawaka. Siku moja unawasha moto mkubwa kuliko kawaida, labda kuna wageni, ulimi wa moto unaifikia, na dohani nzima inageuka bomba la moto.

Na mimi nilikuwa nimelisha dohani ile moshi wa kuni mbichi kwa misimu mitatu. Nilinunua kuni siku ninayozihitaji, kwa mwenye mkokoteni, miwati iliyokatwa juzi. Hapa miwati ipo kila mahali, ilipandwa kwa ajili ya magome yake yanayotengenezea dawa ya kusindika ngozi za wanyama, na kama kuni haina mpinzani: nzito, makaa yake yanakaa. Lakini mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kuni za kuotea zinatakiwa zishuke chini ya asilimia 20. Kwa baridi na unyevu wetu, hilo linahitaji miezi, sio wiki.

Kwa hiyo mimi hununua Septemba. Napasua mara moja, kwa sababu gogo zima halikauki, linajidanganya kwa gome. Napanga juu ya mbao zisiguse ardhi, chini ya bati, pembeni wazi upepo upite. Kosa la wengi ni kufunika lundo zima kwa turubai mpaka chini. Hapo umejenga shamba la uyoga. Jua la Oktoba linafanya kazi kubwa, mvua za kuanzia Novemba zinapita juu ya bati, na Juni kuni zina miezi tisa. Kujua kama ziko tayari, gonganisha mbili: kavu zinalia ko, ko, kama mbao za mlango, mbichi zinalia bu. Ncha zake zina nyufa, na gome linabanduka kwa mkono. Milingoti, yaani mikaratusi, nayo ni sawa ikikauka. Paini mimi naitumia vijiti tu vya kuwashia.

Kuna kitu kimoja cha mikoa yetu hii ambacho lazima nikiseme kwa sauti. Maeneo ya Njombe na Mafinga yana viwanda vya nguzo za umeme, na vipande vya nguzo hizo vinazagaa, wakati mwingine vinauzwa kwa bei ya kutupa. Ni vikavu, vinawaka vizuri, ndiyo maana vinatamanisha. Zile zenye rangi ya kijani kibichi kwa mbali zimelowekwa kwenye dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu, na ukichoma nguzo sehemu yake inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu ambayo mtoto atayachezea na mama atayamwaga bustanini. Usiziguse. Mbao zilizopakwa rangi, plaiwudi na chupa za plastiki nazo zikae mbali na moto huo.

Kusafisha ni Mei. Mvua zimeisha, bati limekauka, na Juni haijabisha hodi. Sikuona brashi za dohani zikiuzwa hapa mjini, kwa hiyo nilipima upana wa njia ya moshi nikampelekea fundi wa kuchomelea. Akanitengenezea brashi ya waya ngumu, juu kamba, chini kamba yenye kipande cha chuma cha kuivuta. Mmoja anakaa juu, mmoja chini, mnavutana mpaka kinachoanguka ni vumbi tu. Kabla ya kuanza, ziba mdomo wa meko kwa turubai na ubandike kingo zake, la sivyo makochi utayaosha mpaka Krismasi. Panda bati likiwa kavu kabisa. Umande wa asubuhi za huku umeshavunja watu viuno. Ngazi ifungwe kwa kamba, na usipande ukiwa peke yako nyumbani.

Vaa barakoa na nguo za mikono mirefu, kisha uoge. Masizi sio uchafu wa kawaida. Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza saratani ya ngozi ya korodani waliyokuwa wakiipata wasafisha dohani, watu walioanza kazi hiyo wakiwa watoto wadogo wa kuingizwa ndani ya mabomba. Nilipowasimulia hilo vijana wawili walionisaidia mwaka juzi, waliomba sabuni kabla ya hela.

Kama unajiuliza usafishe lini, ingiza tochi na kioo kidogo kwenye koo la dohani uangalie juu, kisha ukwangue kwa msumari. Tabaka likifika milimita tatu, safisha, hata kama ni katikati ya Julai. Ukikuta lile jeusi linalong'aa, brashi hailitoi. Mwite fundi anayejua kazi, na moto usiwashe hadi amalize.

Baada ya brashi natafuta nyufa. Nawasha moto mdogo wa majani mabichi, mtu wa juu anaziba mdomo wa dohani kwa gunia lililoloweshwa, nami nakimbia darini na tochi. Moshi ukichomoza pembeni ya tofali, hapo pana ufa. Mara ya kwanza tuliona sehemu tatu. Fundi alitaka kuziba kwa sementi na nikamkubalia, nikajuta: sementi ya kawaida haivumilii moto wa karibu, inakauka kupita kiasi na kumeguka. Ndani ya meko tumia udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga laini, au saruji maalumu ya kuhimili moto ukiipata. Wala usipambe meko kwa mawe ya mtoni. Yameficha maji ndani, yakipata moto yanaweza kulipuka.

Dohani yetu pia ilikuwa fupi. Upepo ukigeuka, moshi ulirudi sebuleni na sisi tukatoka nje kuota jua. Kipimo ambacho wajenzi hutumia ni hiki: dohani ipande angalau sentimita 90 juu ya pale inapotokea kwenye bati, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu kutoka kwake, ikiwemo kilele cha paa. Tuliongeza kozi nne za tofali, tatizo likaisha nusu.

Nusu nyingine ilikuwa madirisha. Nyumba za zamani zilikuwa na madirisha ya mbao yanayopitisha upepo kila kona. Sisi tuliweka aluminiamu, dari, na zulia mlangoni, tukajisifu nyumba haipitishi baridi. Moto unataka hewa. Ukiunyima kwa dirishani, unaivuta kwa kupitia dohani yenyewe, na moshi unaingia nayo ndani. Sasa tunaacha dirisha moja wazi kwa upana wa vidole viwili. Kabla ya kuwasha, nachoma gazeti moja juu kwenye koo la dohani ili hewa nzito ya baridi iliyolala mle ianze kupanda.

Hapo ndipo hatari isiyoonekana ilipo. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wakakutwa asubuhi wameshakufa. Muuaji ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo hung'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Wenye dohani tunajiona tumepona, lakini kuna kosa letu wenyewe: saa nne usiku makaa bado mekundu, mtu anafunga kile kifuniko cha dohani ili joto lisitoroke. Moshi hauonekani, kwa hiyo anadhani hakuna kitu. Makaa mekundu yanatoa gesi hiyo hiyo. Kifuniko kifungwe asubuhi, majivu yakiwa baridi. Kichwa kikiuma, ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu, na wengine chumbani wanasema hivyo hivyo, msianze kutafuta dawa za malaria. Tokeni nje wote, kisha hospitali. Niliagiza kengele ya betri ya kutambua gesi hii kutoka Dar. Imewahi kulia mara moja, usiku ambao shemeji yangu alifunga lile dirisha la vidole viwili.

Majivu nayo yana hila. Juu yanaonekana meupe na baridi, chini makaa yanaweza kukaa hai siku tatu hata nne. Usiyaweke kwenye ndoo ya plastiki, wala kwenye mfuko wa salfeti pembeni ya stoo. Mimi nina debe la chuma lenye mfuniko, linakaa uani mbali na ukuta. Baadaye yanakwenda kwenye kabichi na maharage, maana yanapunguza uchachu wa udongo wetu. Kwenye viazi usiweke, utavuna viazi vyenye ukurutu.

Kuhusu watoto na moto, wavu wa chuma mbele ya meko, na nguo za kuanika zisikae ndani ya mita moja. Zaidi ya hapo kila mzazi anajua.

Msimu wa mvua watu huisahau dohani kabisa, na ndio wakati inaharibika. Maji yakiingia yanakutana na masizi, yanakuwa tope chungu linalokula tofali na kunuka sebule nzima. Weka kofia ya bati juu yake, na pembeni wavu wenye matundu ya sentimita moja na nusu mpaka mbili. Ukiweka mdogo kama wa mbu, utazibwa na masizi. Mimi nilichelewa kuweka wavu, nyuki wakahamia. Usithubutu kuwafukuza kwa kuwasha moto. Nta inayeyuka ndani ya dohani, nayo inawaka kuliko lami. Nilimwita mrina asali, akaja jioni, akaondoka na ndoo mbili na kundi zima, sisi tukabakiwa na harufu ya asali hadi Machi.

Septemba iliyopita nilimsimamisha yule yule mwenye mkokoteni wa siku zote, nikamwambia alete mikokoteni sita ya miwati. Jua lilikuwa kali, hata sweta nilikuwa sijavaa. Alinitazama kwa muda, akavua kofia.

"Pole sana, mwalimu," akasema. "Msiba ni wa nani?"