Mtoto halali usiku: maswali ya wazazi na majibu

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa wazazi walio ndani ya arobaini. Nimeyafupisha kidogo.

Mtoto wangu ana wiki tatu. Mchana kutwa amelala, ikiadhiniwa isha ndiyo kwanza anafumbua macho na kutaka ziwa mpaka alfajiri. Mavyaa anasema maziwa yangu mepesi, nimtafutie ya kopo. Mzazi, Wete

Pole, mwanangu, na hongera. Maziwa yako hayana kasoro. Mtoto wa wiki tatu hajajua usiku ni nini. Alipokuwa tumboni, mchana ulikuwa ukienda huku na huku naye akibembea akalala, ukijinyoosha kitandani ndipo mateke yanapoanza. Bado yumo katika mwendo ule, na huanza kuutambua usiku akikaribia miezi miwili mpaka mitatu.

Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi, kwa hivyo kunyonya mara 8 mpaka 12 mchana na usiku ndiyo kawaida yake. Tena homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Ukimpa kopo usiku ziwa likapumzika, hapo ndipo maziwa yatakapopungua kweli. Kama mavyaa ana wasiwasi, muoneshe nepi na kadi ya kliniki: mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku na uzito wake unapanda, anashiba.

Mchana fungua madirisha, watu wazungumze, sufuria zigongane, usiwanyamazishe kwa ajili yake. Usiku washa taa ndogo, usimchezeshe wala kumsemesha sana. Na usimnyanyue kwa kila mguno. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni wa kutapatapa: anakunja uso, anaguna, anatupa mikono, na bado kalala. Mtazame kwanza. Akigeuza kichwa kutafuta ziwa, au akitia ngumi mdomoni, hiyo ni njaa, mpe kabla hajafika kulia.

Wa kwangu ana wiki tano. Kila magharibi huanza kupiga kelele, anakunja magoti, uso umemuiva, hanyamazi mpaka saa nne. Jirani anasema ni mchango, apewe dawa ya mizizi. Bibi yake anasema ni jicho. Nishike lipi? Makunduchi

Swali hili ndilo lililoletwa na wengi. Kilio cha mtoto mchanga huanza kuzidi akiwa na wiki mbili hivi, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Na saa zake mashuhuri ndizo hizo unazozitaja, jioni kuingia usiku. Hulia hivyo watoto wa kila nchi, wazima wa afya. Kama ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, na baada ya kilio anatulia na kuchangamka, si mgonjwa.

Dawa ya mizizi usimpe. Kipimo chake hakuna akijuaye, na maji yasiyo salama humletea kuharisha. Mpaka atimize miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, labda dawa aliyoandikiwa hospitali. Asali asionjeshwe hata kwa ncha ya kidole mpaka apite mwaka, maana huweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mpaka ashindwe kupumua. Mvuje asinyweshwe. Wanja nao uacheni, baadhi yake una madini ya risasi.

Kumsomea sikukatazi, nakuhimiza. Mpakate kifuani, ngozi kwa ngozi, umsomee Ayatul Kursiy na Qul-audhu mbili kwa sauti ya chini. Sauti ya mama na joto la kifua chake humtuliza mtoto. Ila kombe asilinywe. Na chetezo kikiingizwa chumbani, mtoe mtoto, arudi moshi ukishatoka wote, kwani udi na ubani huvikera vifua vya wachanga.

Kuna namna moja ya kumbeba wanayoipenda wengi. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, shavu lake karibu na kiwiko, kiganja chako kimeshika paja lake, mgongo wake ukiuegemeza kwako. Tembea naye ukumbini polepole huku ukimwambia "shhh" karibu na sikio. Akishanyonya, msimamishe begani umpigepige mgongoni mpaka abeue.

Kazi hii si ya mama peke yake. Baba ampokee, wifi ampokee. Na ukihisi hasira zinakupanda, mlaze chali kitandani mahali salama, toka nje dakika chache uvute pumzi. Asitikiswe hata mara moja. Kumtikisa huharibu ubongo na huweza kuua.

Tunamfunga kanga ili asishtuke, lakini joto la kaskazi hili! Baba, Mwanakwerekwe

Kanga moja nyepesi inatosha, isibane kifua, na miguu iwe huru kukunjuka nyongani. Kichwa kisifunikwe. Mguse shingo kwa nyuma, ikiwa na jasho mfungue. Alale chali, bila mto wala nguo za kumzungushia, ndani ya chandarua. Feni isimuelekee. Akianza kujaribu kupinduka, acheni kumfunga.

Dawa ya gesi ya dukani je? Chake Chake

Hapana. Haijathibitika kumsaidia, na pesa hiyo mnunulie mzazi samaki.

Tunakaa mbali, kijijini Micheweni. Nitajuaje kuwa kilio hiki si cha kungojea asubuhi? Mzazi

Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, ondoka saa hiyo hiyo ukiona moja katika haya: ameacha kunyonya au ananyonya kwa unyonge, kwapani ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au amekuwa baridi chini ya 35.5, akiwa ametulia anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja kamili, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, amelegea, haamki vizuri, manjano yamefika viganjani na nyayoni, kitovu kimekuwa chekundu au kinatoa usaha, anatapika kijani. Degedege nalo ni la hospitali, msipitie kwa mganga kwanza. Njiani muweke kifuani kwako, na kama anaweza kunyonya aendelee. Leo mchana, kabla ya lolote, zungumzeni na mwenye gari au bodaboda wa karibu, nambari yake iwemo katika simu ya kila mtu mzima wa nyumba.

Mama yangu aliyekuwa akinilea uzazi amerudi kwao. Sasa nalia kuliko mtoto. Mkoani

Machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na hupita. Yakizidi wiki mbili, au huoni raha ya kitu, au hupati usingizi hata mtoto akilala, hayo ni maradhi na yana tiba. Mueleze muuguzi unapompeleka mtoto chanjo ya wiki sita. Ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kliniki: mwambie mtu wa nyumbani saa hiyo, mtoto abaki naye, nawe upelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa leo, muombe mama akurudie, au umfuate kwao na mtoto wako. Arobaini kwisha si sababu ya kuachwa peke yako.