Treni ndogo inachoka ukuta wa mbali, je booster kubwa itasaidia?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nipo Tanga, nimejenga leauti (mandhari ya reli za mfano) ya treni za HO, zile zilizopunguzwa mara 87, kwenye chumba kimoja, reli zinapita kuta tatu, jumla kama mita 11, na mwishoni nimeweka duara la kugeuzia treni. Natumia DCC, ule mfumo wa kuendesha treni kwa amri za kidijitali, booster (kifaa kinachopeleka umeme na amri relini) ya ampea 5, nimeunga kwa waya ya spika sehemu moja tu pale booster ilipo. Kichwa kikiwa karibu kinakimbia vizuri, kikifika ukuta wa mwisho kinapungua spidi, nikiweka vichwa viwili na mabehewa yenye taa ndo balaa kabisa. Kwenye pointi, pale njia inapogawanyika, kichwa kidogo cha shanti (cha kupangia mabehewa) kinazima, halafu mlio wa injini unaanza upya. Na lile duara, treni ikiingia tu booster inakata. Mjomba anarudi toka Marekani mwezi wa 12, nimwambie aniletee booster ya ampea 8? Halafu nataka pembeni niongeze na MGR ya zamani, ile reli ya upana wa mita moja, naanzia wapi?

JIBU: Nzuri kaka. Kwanza mwambie mjomba asinunue booster, hiyo hela ina kazi nyingine. Umeme unao wa kutosha ila haufiki, na ukiweka ampea 8 juu ya waya hizo hizo hautafika vilevile, isipokuwa sasa siku ikipigwa shoti ukuta wa mbali kitakachoyeyuka ni plastiki ya behewa lako. Kwa HO ya chumbani ampea 5 ni nyingi tayari, maana kwa volti 15 hivi hiyo ni wati 75, sasa ziweke zote kwenye gurudumu moja lililoruka reli uone.

Tuanze na ukuta wa mbali. Umeunga sehemu moja, maana yake mita zote zinazobaki reli yenyewe ndo waya yako, na reli ni waya mbaya sana. Hizi reli nyeupe wanaziita nickel silver lakini fedha haimo hata chembe, ni shaba, nikeli na zinki, na ukinzani wake ni zaidi ya mara 15 ya shaba tupu. Juu ya hapo kuna vile vibati vya kuungia reli, kila kimoja kinashika kwa kubana tu, leo kimebana kesho kimelegea, na wewe upo Tanga hewa ya bahari inaingia dirishani kila siku, ndani ya mwaka baadhi yao watakuwa wamebaki kushikilia reli tu, umeme hawapitishi tena. Na DCC haipeleki nguvu peke yake, amri zinapita kwenye reli hizohizo, biti ya 1 kila nusu yake ni maikrosekunde 58, kwahiyo kiungo kibovu kinakula volti na kinaharibu amri pia, ndo maana kuna siku kichwa kinakupuuza ukidhani remote imekufa.

Usiniamini kwa maneno, pima. Kuna kosa watu wengi wanafanya, wanachukua mita wanagusa reli za mbali wanaona volti zipo kamili wanasema waya ni nzima. Ni kama bomba la maji saa nane usiku, presha ipo kwa sababu hakuna aliyefungua koki. Inabidi ufungue koki ndo upime. Nenda duka la spea za magari nunua balbu ya breki, ile ya volti 12 wati 21, ifunge waya mbili zenye klipu, toa vichwa vyote relini, ishike kwenye reli za ukuta wa mwisho iwake, hapo inavuta ampea karibu 2. Mita iweke AC, pima pale kwenye booster, halafu kapime pale kwenye balbu. Namba yenyewe isikusumbue, mita za kawaida haziisomi DCC sawasawa kwa sababu wimbi lake ni la mraba na linapinduka haraka kuliko umeme wa ukutani, wewe angalia tofauti ya sehemu mbili. Chini ya volti moja, poa. Ikizidi hapo waya haitoshi. Kwa ulivyoeleza sitashangaa ukikuta 3 au 4 zimepotea njiani. Balbu usiiache muda mrefu inachemka kweli, usiilaze kwenye majani ya plastiki uliyopanda.

Dawa yake ni kuweka njia kuu ya umeme chini ya mbao, waya mbili za rangi tofauti zinazofuata reli mwanzo mpaka mwisho. Chukua ile waya ya milimita za mraba 2.5 tunayovuta kwenye soketi za nyumba, inapatikana kila duka la umeme. Hesabu yake iko hivi, waya ya 2.5 kwa kilomita ina omu 7.4 hivi, mita 11 kwenda na 11 kurudi unapata omu 0.16, kwa ampea 3 unapoteza nusu volti, hakuna shida. Ukijibana ukavuta njia nzima kwa waya nyembamba ya 0.5, safari hiyohiyo inakuwa karibu omu 0.86, ampea 3 zinakula volti 2.6. Na ukiweza hamisha booster ikae katikati ya chumba badala ya pembeni, umbali unapungua nusu bila kununua chochote.

Kutoka njia kuu unapandisha vijiwaya vifupi vya kwenda relini, hivi vinaweza kuwa vyembamba, 0.5 inatosha sana maana ni sentimita 20 au 30 tu. Wenzangu wanasema kila mita mbili, mimi nasema kila kipande cha reli kipate chake, utachoka mgongo wiki moja lakini baada ya hapo vile vibati vya kuungia unavisahau, vibaki na kazi ya kunyoosha reli tu. Usipige solda viungo vyote vya reli kwa kudhani unaimarisha, mbao inavimba na kusinyaa na unyevu wa Tanga, reli isipopata pa kuponyokea inapinda. Solda iwe ubavuni kwa nje, upande ambao gurudumu halina ukingo. Kwangua pale kwa kisu mpaka pang'ae, paka fluksi, weka solda kidogo kwenye reli, kidogo kwenye ncha ya waya, halafu vigusanishe na chuma chenye moto wa kutosha, sekunde mbili tatu umeondoka. Kinachoyeyusha mataruma ni chuma cha moto mdogo, unakaa nacho pale unasubiri mpaka joto linasambaa kote. Weka kitambaa kibichi kila upande wa sehemu unayochomea.

Rangi moja iende reli ya ukutani siku zote, nyingine reli ya upande wa chumbani, na kila ukiunga kijiwaya kimoja jaribu kabla hujaenda kingine. Ukiunga 20 kisha ndo uwashe, shoti moja utaitafuta mpaka usiku.

Ukimaliza chukua sarafu ya mia mbili, washa booster, ilaze sarafu juu ya reli zote mbili, na urudie hivyo kila baada ya hatua chache leauti nzima. Kila mahali booster lazima ikate papo hapo. Pakiwepo sehemu sarafu imekaa na booster inaendelea kama hakuna kitu, toa haraka, maana hapo ukinzani ni mkubwa mpaka booster haijui kuna shoti, na hapo ndipo moto huanzia. Ampea 8 ingepafanya pawe pabaya zaidi.

Sasa pointi. Kile kipande chenye ncha ya V pale reli mbili zinapokatana, mafundi wanakiita frogi, kwenye pointi zako nahisi ni cha plastiki au ni chuma kisicho na umeme. Kichwa kirefu kinavuka bila kujua kwa sababu magurudumu mengine bado yapo kwenye umeme, kichwa cha shanti ni kifupi, kinapoteza upande mmoja wote, dekoda (kibodi cha ndani ya kichwa kinachosoma amri) inazima na mlio unaanza mwanzo. Kama frogi ni ya chuma ipe umeme, ila umeme wake lazima ubadilike na pointi. Pointi ikiwa imenyooka, frogi inataka umeme wa reli ya upande ule njia inakochepukia, ikichepuka inataka wa reli ya pili. Kazi hiyo inafanywa na maikroswichi yenye miguu mitatu, mguu ulioandikwa COM frogini, miwili mingine kila mmoja kwenye waya wake wa njia kuu, unaifunga ili ule mti wa kusukuma pointi uwe unaibonyeza. Swichi za namna hii zimejaa kwenye milango ya microwave mbovu, lakini nakuomba usifungue microwave mwenyewe, ndani kuna kapasita inayoweza kukuua hata ikiwa imechomolewa, muombe fundi akutolee. Kama una mota za pointi kama Tortoise, swichi zimo ndani yake tayari. Ukiwasha na kichwa kikigusa frogi booster ikakata, umegeuza, badilishana tu ile miguu miwili mingine, COM usiiguse.

Kuna kapasita za akiba zinazofungwa kwenye dekoda zinazobeba kichwa sekunde moja au mbili bila umeme. Ni nzuri, ila zifunge baada ya waya kukaa sawa, ukianza nazo unaficha ugonjwa.

Lile duara lako halina ubovu, ndivyo linavyotakiwa kufanya. SGR yetu ya Dar mpaka Dodoma iliyoanza kubeba abiria 2024 inachukua umeme wa kilovolti 25 juu kwenye waya, unarudi kwa chini kupitia reli, kwahiyo kushoto na kulia kwake hakuna tofauti, ikizunguka itakavyo hakuna shoti. Yetu ndogo haina waya wa juu, reli ya kushoto ni waya mmoja na ya kulia ni mwingine, sasa ukizungusha duara na kurudi kwenye njia ileile, ya kushoto inakuja kukutana na ya kulia, hapo shoti ni lazima. Kata reli zote mbili, pande zote mbili za duara, kwa diski nyembamba ya kukatia, na kwenye mwanya chomeka kipande cha plastiki na gundi, usipoweka joto la Januari litazifunga tena. Kipande kilichobaki katikati kiwe kirefu kuliko treni yako ndefu kuliko zote, kwa sababu magurudumu ya chuma yakikanyaga mianya ya pande zote kwa wakati mmoja hakuna kifaa kitakachokusaidia. Kisha nunua kidude cha kugeuza umeme chenyewe, kinakaa kati ya njia kuu na duara, kikihisi shoti kinapindua umeme wa duara kabla booster haijashtuka, na treni haisimami maana kwenye DCC mwelekeo wa kichwa unatoka kwenye amri, hautegemei reli ipi ina umeme upi. Vijiwaya vya duara vyote vitoke kwenye kidude hicho tu. Ukisahau kimoja kikabaki kwenye njia kuu, umerudi palepale.

Hicho kidude ndo mjomba akulete, na akiona adapta yoyote huko aisome kwanza mgongoni. Ikiandikwa 100 mpaka 240 inafaa, ikiandikwa 120 peke yake aiache hukohuko, nimeletewa nyingi zimeungua kwa sababu mtu alibadilisha pini ya plagi akadhani kabadilisha na volti.

Na usafi: reli futa kwa spirit ya hospitali na kitambaa cha pamba, msasa hapana, stiliwulu ndo kabisa hapana, vinyuzi vyake vinanaswa na sumaku ya mota. Magurudumu laza kitambaa chenye spirit juu ya reli, kichwa kikae nusu kwenye kitambaa nusu kwenye umeme, kishike, kipe spidi, utaona michirizi myeusi inatoka, geuza upande wa pili.

Upande wa MGR: upana kati ya reli zako ni milimita 16.5, zidisha kwa 87 unapata 1,435 na ushee, yaani tayari una SGR. Ya mita moja, kama hiyo ya kwenu Tanga ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1893, inataka milimita 12 kwa skeli hiyohiyo, na hata TAZARA ya milimita 1,067 inakaa hapohapo bila mtu kuona tofauti. Usinunue reli za TT, skeli nyingine ndogo kuliko HO, kwa sababu tu nazo ni 12, mataruma yake ni mafupi na yamebanana, tafuta zilizoandikwa HOm, yaani HO ya reli ya mita, Peco na Tillig wanazo. Vichwa ndo mtihani, vingi vya HOm ni vya Uswisi, Bemo wanatengeneza vya milimani kule, hivyo cha kwetu utanunua chesisi na bodi ujenge mwenyewe kwa plastiki ya shiti. Anza na behewa la mizigo lililofungwa, lina kuta bapa nne na paa, kichwa kije baadaye.