Gari linachemsha: foleni, mlimani au asubuhi?

Maswali ya safari hii yote ni ya magari ya zamani yanayochemsha. Kabla ya kununua kifaa chochote, angalia kwanza linachemsha wakati gani.

Corolla AE100 yangu inachemsha kwenye foleni tu. Nikikimbia mshale wa joto unashuka. Nimeshafunga rejeta mpya. Tatizo nini?

Rejeta umeionea bure. Gari likikimbia, upepo unatosha kupoza. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Tafuta swichi ya feni iliyofungwa kwenye njia ya maji, weka ufunguo ON bila kupiga stata, kisha chomoa soketi yake, mikono ikiwa mbali na mapanga. Kwa Corolla nyingi za umri huo feni inapaswa kuzunguka papo hapo, maana swichi hiyo kazi yake ni kukata mkondo wake maji yakifika nyuzi 93 hivi, ndipo feni iwake; kuchomoa soketi ni sawa na kuukata. Ikizunguka kwa nguvu, mota na rilei ni nzima, basi badili swichi. Isipozunguka, kagua fyuzi na rilei, halafu ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka kwa uvivu, brashi zimekwisha. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaona feni inazunguka, wanaihesabu nzima.

Hiace ya dizeli inachemsha nikipanda mlima Kitonga na abiria. Fundi anataka kutoa thamostati kabisa. Nimruhusu?

Usimruhusu. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vinakataza waziwazi. Thamostati ni vali inayofungulia maji ya injini njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto; ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayoyarudisha kwenye injini. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Ipime jikoni. Bana uzi kwenye mdomo wa vali, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa kitako, pasha polepole. Itakapodondoka kutoka kwenye uzi, ndipo imeanza kufunguka: soma kipimajoto, linganisha na namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi nyuzi 82. Kwenye nyuzi 95 mdomo uwe wazi milimita 8 hivi au zaidi. (Ukiwa Mbeya au Nairobi maji yatachemka kabla ya hapo; ikifunguka vizuri kwenye maji yanayochemka, inatosha.)

Ikiwa nzima, zima injini ikiwa bado ya moto, toa ufunguo, usogeze kiganja karibu na uso wa rejeta. Sehemu zilizopoa ndizo zilizoziba. Zungusha na feni kwa mkono: ikizunguka ovyo bila kukaza, mafuta ya klachi yake (kiungo kinachoifanya izungushwe na injini) yamevuja. Mwisho, mtu akanyage mafuta huku ukitazama mpira wa chini wa rejeta. Ukinywea, maji hayapiti.

Maji yanapungua kila siku, lakini chini pakavu.

Anza na mfuniko wa rejeta, kifaa cha bei ndogo kuliko vyote. Mpira wake ukipasuka, presha haikai, na maji huchemka mapema na kumwagika kupitia tangi dogo. Nunua wenye namba ileile, kwa Toyota nyingi za zamani 0.9 (kipimo cha presha).

Yakiendelea kupungua, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko, jaza maji hadi mdomoni, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Yasipokoma, na yakiongezeka ukikanyaga mafuta, gasketi ya silinda hedi imeungua. Dalili nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha, au oili kuwa kama chai ya maziwa. Hedi ikishushwa, ipimwe kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya): ikiwa imepinda zaidi ya kipimo cha kitabu cha injini hiyo, gasketi mpya peke yake haitadumu.

Naweza kujaza maji ya kisima?

Kufika nyumbani tu. Chumvi yake huganda kwenye mirija ya rejeta na kula aluminiamu. Yamwage yote, suuza, jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, polepole, hita ikiwa kwenye moto, mpaka mpira wa juu upate joto na mapovu yaishe.