Mtoto Aliyenyamaza: Kwa Muuguzi Anayeanza Kazi Wodi ya Watoto

Muuguzi anayepangiwa wodi ya watoto kwa mara ya kwanza huingia na hofu ya dozi ndogondogo, ya mishipa isiyoonekana na ya vilio visivyokoma. Hofu hizo zina msingi, lakini katika miaka niliyofanya kazi hii hapa Tanzania nimeona kwamba jambo linalompita mgeni mara nyingi zaidi ni ukimya. Mtoto anayelia kwa nguvu ana pumzi ya kulilia, anamtambua mama yake na bado anaweza kuusukuma mkono wako. Aliyelala kimya katikati ya kelele za wodi huenda amechoka kupumua, huenda sukari yake imeshuka, au anaumwa kiasi kwamba kila akijitikisa anazidisha maumivu. Kwa hiyo unapopokea zamu, anza na walionyamaza.

Dalili kuu za hatari kwa mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5 umezisoma chuoni: kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupata degedege, na kulegea sana au kupoteza fahamu. Kuzikariri si kazi. Kazi ni kuzitafuta kwa kila mtoto, hata yule aliyeletwa kwa sababu ya upele, na kuzitafuta kwa macho yako mwenyewe. Ukimwuliza mama, "Ananyonya?", mama ambaye hajalala usiku kucha atakujibu "ndiyo" kwa sababu mtoto aliwekwa titini, si kwa sababu alinyonya. Mwambie, "Mama, hebu mnyonyeshe nione," kisha usimame hapo uangalie kama mtoto anashika titi vizuri, anavuta na kumeza, au anaachia baada ya mikupuo miwili ili avute pumzi. Dakika hiyo moja itakueleza mengi kuliko maswali kumi.

Upumuaji nao huhesabiwa kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia mapajani kwa mama na nguo imepandishwa juu ya kifua. Usihesabu kwa sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa maana watoto wadogo hawapumui kwa mwendo mmoja. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kupumua haraka. Angalia pia kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta hewa, na ukiona kipimo cha kidoleni cha oksijeni kinasoma chini ya asilimia 90, mwekee oksijeni kwanza, kisha mwite daktari. Mtoto mwenye nimonia ambaye kila akivuta pumzi ubavu unamchoma hujifunza kupumua kwa juujuu na kuzuia kikohozi. Dawa ya maumivu inayotolewa kwa wakati humsaidia kuvuta hewa na kukohoa, kwa hiyo usiione kama ziada inayosubiri antibiotiki imalize kazi yake.

Kuhusu kuharisha nitasema machache, kwa sababu miongozo iko wazi na tatizo kubwa ni uvumilivu wa kuifuata. Familia nyingi huamini kwamba mtoto hajatibiwa mpaka atundikiwe dripu, na muuguzi mgeni aliyezidiwa na foleni hushawishika kukubali. Mtoto mwenye upungufu wa maji wa kiasi, anayeweza kunywa, anahitaji ORS, yaani maji ya chumvichumvi ya kunywa, mililita 75 kwa kila kilo ya uzito katika saa 4, yaani mililita 750 kwa mtoto wa kilo 10, kijiko baada ya kijiko. Akitapika, subirini dakika 10, kisha mwendelee polepole zaidi. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo. Mama akiiona ngozi ya tumbo ikifinywa inaanza kurudi haraka na macho yaliyodidimia yanarejea hali yake, atakuamini kuliko maelezo yoyote. Kwa malaria kali nakukumbusha jambo moja tu: mtoto aliyelegea au aliyepata degedege apimwe sukari papo hapo, kwa sababu artesuneti, dawa ya malaria ya sindano, haiwezi kurekebisha sukari iliyoshuka.

Sasa nije kwenye maumivu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya kazi yetu inayopuuzwa zaidi. Kwa muda mrefu hata mabingwa waliamini kwamba mtoto mchanga hahisi maumivu kama mtu mzima, na wapo waliofanyiwa upasuaji kwa dawa hafifu ya usingizi. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji walipata mshtuko mdogo wa mwili na madhara machache kuliko wenzao ambao hawakupewa. Bado leo utawasikia watu wazima wodini wakisema, "Huyu ni mdogo, atasahau." Usilikubali neno hilo. Mwili wa mtoto haungoji kumbukumbu ndipo uumie.

Kwa mtoto asiyeweza kueleza, kuanzia miezi 2 hadi miaka 7 hivi, tumia skeli ya FLACC, ambayo hutazama mambo matano: sura, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kama anatulizika. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, na jumla ya juu ni 10. Mchukue mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyemwagikiwa na uji wa moto kutoka kwenye jiko la mkaa lililowekwa sakafuni, ajali ambayo utaiona mara nyingi kuliko unavyodhani. Amekunja paji la uso muda wote, hivyo sura ni 2. Miguu ameivuta tumboni, 2. Mwili ameukaza, 2. Analalamika kwa sauti ya chini isiyo kilio kamili, 1. Na akibebwa na mama hutulia kidogo kisha huanza tena, 1. Jumla ni 8. Mtu anayepita mlangoni angesema, "Huyu hana shida, halii sana," ilhali hayo ni maumivu makali yanayohitaji dawa sasa hivi, na alama hiyo iandikwe kwenye chati pamoja na joto na mapigo ya moyo. Mtoto mkubwa kidogo mwonyeshe skeli ya nyuso, naye aonyeshe kwa kidole uso unaofanana na anavyojisikia. Wa miaka 8 na zaidi kwa kawaida ataweza kukupa namba.

Hata anayeweza kusema, si lazima aseme. Namkumbuka mvulana wa darasa la pili mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoleta vipindi vya maumivu makali, aliyelazwa katika baridi ya mwezi wa saba, ambaye bibi yake alikaa pembeni akimpangusa miguu. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo, sista," nikaitikia, nikamwuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa kukataa. Lakini alikuwa amelala chali bila kujigeuza, magoti yamekunjwa, macho yamekazwa kwenye dari, na chai yake ilikuwa haijaguswa. Nikainama, nikamwuliza kwa sauti ndogo, "Baba, ukisema unaumwa, unadhani nitafanya nini?" Akajibu, "Utanichoma sindano." Nilipomwahidi kwamba dawa yake itakuwa ya kunywa, alinionyesha miguu yote miwili na kiuno, na kwenye skeli ya nyuso akagusa uso wa mwisho. Bibi alishangaa, kwa sababu naye alikuwa ameambiwa kwamba hakuna kinachouma.

Selimundu inastahili umakini wa pekee, kwa kuwa nchi yetu ni miongoni mwa zile ambako watoto wengi huzaliwa nayo kila mwaka. Kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 2 dalili ya kwanza mara nyingi ni kuvimba kwa viganja na nyayo, ambako nyumbani hudhaniwa kuwa ameteguka. Maumivu ya mtoto wa selimundu yatibiwe haraka na kwa dawa inayolingana na ukali wake. Apewe maji ya kutosha, afunikwe asipate baridi, na utafute maambukizi. Akiwa na homa, au kifua kikianza kumuuma na pumzi kupanda, ichukulie kuwa dharura. Usiseme wala usiruhusu mtu aseme kwamba "amezoea dawa" kwa sababu tu amelazwa mara nyingi. Anarudi kwa sababu ugonjwa unarudi.

Katika dawa, kila kitu huanzia kwenye mzani. Dozi ya parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6 ikiwa maumivu ni ya kuendelea, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 kwa kipimo cha juu anahitaji miligramu 180, na kwa maji ya dawa yenye miligramu 120 katika kila mililita 5 hiyo ni mililita 7.5. Anayempa "kijiko kimoja" cha mililita 5 kwa mazoea amempa theluthi mbili tu ya kipimo hicho, kisha atalalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Ibuprofeni ni nzuri kwa maumivu ya mifupa na uvimbe, ila isitolewe kwa mtoto aliyepungukiwa maji au mwenye tatizo la figo. Aspirini tusiitumie kutuliza homa ya watoto. Agizo likisema dawa itolewe kwa saa zilizopangwa, itoe kwa saa hizo, usingoje mtoto alie ndipo ukumbuke.

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliacha ngazi tatu za zamani za dawa za maumivu kwa watoto, likabaki na hatua mbili: parasetamoli au ibuprofeni kwa maumivu madogo, na mofini kwa ya kati na makali. Kodeini iliondolewa katikati kwa sababu miili ya watoto huibadilisha kwa viwango tofauti mno, mmoja asipate nafuu na mwingine akapungukiwa pumzi. Wauguzi wengi wapya huiogopa mofini. Jirani zetu wa Uganda, kupitia Hospice Africa Uganda, shirika la kuwahudumia wagonjwa wa magonjwa yasiyopona lililoanzishwa mwaka 1993, wametumia mofini ya kunywa kwa miaka mingi hata kwa wagonjwa walioko majumbani, na uzoefu huo unatosha kutuondolea hofu isiyo na sababu. Hofu inayobaki igeuze kuwa uangalizi: hakiki dozi na mwenzako, hesabu pumzi kabla na baada, angalia kama mtoto anasinzia kupita kiasi, ujue naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya mofini, imewekwa wapi, na uombe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Kisha rudi upime maumivu tena, nusu saa hadi saa moja baada ya dawa ya kunywa. Dawa iliyotolewa bila kurudi kuangalia ni kazi iliyoachwa nusu.

Kuna maumivu tunayoyaleta wenyewe, na haya yako mikononi mwetu zaidi kuliko mengine. Kabla ya kusafisha kidonda cha moto, dawa iwe imetolewa mapema ya kutosha ili iwe imeanza kufanya kazi utakapofungua bandeji. Mtoto mchanga anayechomwa sindano anyonyeshwe wakati huohuo au akumbatiwe ngozi kwa ngozi. Asipoweza kunyonya, maji kidogo ya sukari ulimini dakika mbili kabla, kwa utaratibu wa wodi, hupunguza maumivu. Mtoto wa miaka miwili asilazwe chali na kubanwa na watu watatu, bali akae mapajani kwa mama akikumbatiwa. Ukikosa mshipa mara mbili, mwite mwenzako mwenye mkono mzuri zaidi. Inapowezekana fanyeni kazi hizi kwenye chumba cha matibabu, ili kitanda chake kibaki mahali ambapo hachomwi.

Usimdanganye mtoto kwamba haiumi. Mwambie itauma kidogo, itakwisha akihesabu mpaka tano, na anaruhusiwa kulia. Vilevile mwombe mama kwa upole aache kumtisha mtoto kwa jina lako. "Nyamaza, nesi atakuchoma" ni maneno ya kila siku wodini, na ndiyo yaliyomfunga mdomo yule mvulana niliyemtaja. Ukimweleza mama kwamba mtoto anayemwogopa muuguzi huficha anapoumwa, wengi huacha siku hiyohiyo.

Siku ya kuruhusiwa, usimkabidhi mama chupa na karatasi tu. Mpe sirinji ya kupimia, weka alama kwenye mstari wa dozi, mwombe avute dawa mbele yako, halafu akutajie kwa maneno yake dalili zitakazomfanya arudi bila kungoja tarehe ya kliniki: mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kupumua kwa shida, degedege, damu kwenye choo, homa isiyoshuka, au maumivu ambayo dawa ya nyumbani haiyatulizi. Akisahau moja, rudia naye. Yakishaeleweka, yaandike pia kwa Kiswahili kinachosomeka kwenye kadi ya mtoto, pamoja na uzito wa siku hiyo, kwa sababu atakayempokea safari ijayo huenda asiwe wewe.