Jibu: Mshahara unaisha tarehe 12, nianzie kubana wapi?

Kaka, umesema mko watano, mnaingiza laki tisa kwa mwezi, ikifika tarehe 12 mfuko umetoboka, na sasa unafikiria kumhamisha mtoto shule ili upumue. Hebu subiri kwanza. Mimi niko Tabata, nina watoto watatu, na miaka miwili iliyopita nilikuwa hapohapo ulipo.

Nilianza kubana pale nilipodhani panaonekana. King'amuzi kikalala, nyama ikawa ya Jumapili tu, usiku nikawa nazima friji. Hilo la friji sitasahau: niliamka asubuhi vibua vya kilo mbili vinanuka jikoni nzima. Ukitaka kubana umeme tazama kinachochemsha maji. Sisi tulikuwa na hita ile ya kuchovya kwenye ndoo. Kwa tarifa yetu ya nyumbani, ukibaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi unalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na makato mengine, ukivuka inakuwa 350. Hita ndiyo ilikuwa inatuvusha kila mwezi. Nikaitoa, friji ikarudi kazini.

Mwezi uliofuata nikachukua daftari la shule lililobaki kurasa nyeupe, nikaandika kila hela iliyotoka, hata mia mbili. Baba watoto wiki ya kwanza alinuna, eti namfanyia ukaguzi. Mwisho wa mwezi nikamwomba Mangi, mwenye duka la mtaani, anitolee na lile daftari lake la madeni. Ukurasa wetu ulisomeka hivi: mafuta kipimo 1, maandazi 4, sukari robo, mafuta kipimo 1, soda, kiberiti, mafuta kipimo 1. Na si ukurasa mmoja, ni mitatu.

Mafuta ya buku kila jioni ni 30,000 kwa mwezi. Nikasema kumbe mchawi ndiye huyu! Nikaenda Kariakoo kuchukua dumu la lita 5. Nilipokaa kupiga hesabu vizuri, kwenye mafuta yenyewe nilikuwa nimeokoa chini ya elfu sita. Lakini matumizi ya dukani mwezi ule yalishuka kwa zaidi ya 70,000. Nilishindwa kuelewa mpaka mwanangu wa kati aliponung'unika kwamba siku hizi hatumwi tena dukani. Hapo ndipo jibu lilipokuwa! Kila aliyetumwa mafuta alirudi na ubuyu, mdogo wake akililia wake, mimi nikakumbuka vocha, baba yao akaagiza soda.

Kwa hiyo sisi hatukupunguza chakula, tulipunguza safari za dukani. Mshahara ukitoka tu, siku ileile nanunua sembe, mchele, sukari, mafuta, dagaa na sabuni za mche za mwezi mzima. Genge naenda Jumatano na Jumamosi. Maharage naloweka kilo mbili Jumamosi usiku, kesho yake nachemsha yote kwa mkaa kwa mara moja, yakipoa nagawa kwenye vikopo naweka kwenye friza. Siku ya kula ni kuunga tu. Mtungi wa gesi wa kilo 15 uliokuwa unakata wiki ya nne sasa unafika ya saba. Na jioni nyumba imetulia, hakuna "mama naomba hela" kila baada ya dakika kumi. Hicho sikukitegemea kabisa, ila leo nakithamini kuliko hizo pesa.

Sasa michango. Hapa wengi wataniona nina roho mbaya, lakini ukikaa Dar bila kugusa michango ya harusi hujabana kitu. Mwaka juzi kulikuwa na mwezi mmoja nilikuwa kwenye makundi manne ya kamati. Kadi ya watu wawili laki moja, bado sare, bado kitchen party. Tukakubaliana na mume wangu: msiba hatukati hata siku moja, harusi ni za ndugu na majirani wa ukuta kwa ukuta. Za wengine namjibu mwenyekiti wa kamati siku ileile kwamba nitachangia 10,000 na kadi asinihesabie. Ukikaa kimya, jina lako linasomwa kwenye ahadi. Shoga yangu mmoja alininunia miezi mitatu. Amerudi mwenyewe.

Bando tuliacha la siku, tunanunua la mwezi.

Ya shule usiiguse kabla hujaandika mwezi mmoja kamili. Andika wewe mwenyewe, usimwachie mkeo, maana bodaboda na soda za kijiweni yeye hazijui. Daftari langu liko hapa mezani. Leo: nyanya 1,000, nauli 1,200, ubuyu 200. Huo ubuyu ni wa kwangu.