Plaiwudi iliyolala chini usiiamini

Jamani mafundi na vibarua wenzangu, hili jambo linaniuma kila nikilikumbuka. Tulikuwa tumeshafungua mbao za slabu, yaani ile sakafu ya zege ya ghorofa, mimi na mwenzangu tunaokota plaiwudi tunazipanga pembeni, akafika kwenye moja imelala chini kama zile nyingine, akainama, akaishika kwa mikono miwili, akainua na kupiga hatua. Chini yake kulikuwa na tundu la kupitishia mabomba. Sasa we fikiria, plaiwudi iko mbele ya kifua, miguu yako huioni, na tundu liko palepale unapokanyaga. Nilisikia kishindo tu, hata kelele hakupiga. Alivunjika nyonga, yuko hai, ila kazi ya saiti hajairudia tena.

Kuna watu wanasema ghorofa moja si kitu. Mita 3 unazimaliza chini ya sekunde 1 na unafika chini na spidi ya kama kilomita 28 kwa saa, utashika nini hapo?

Mimi naona tundu lililofunikwa ovyo ni baya kuliko lililo wazi, maana la wazi angalau unaliona. Kifuniko kipigwe misumari au boliti kisiteleze wala kupeperuka na upepo, na kiandikwe kwa rangi herufi kubwa TUNDU, USITOE. Halafu kiwe kigumu kweli. Sheria ya Marekani inataka kifuniko kibebe mara 2 ya uzito wa watu, vifaa na mzigo vinavyoweza kuwa juu yake kwa wakati mmoja, sasa weka hapo toroli limejaa zege na anayelisukuma, utaona plaiwudi nyembamba ya siling haifai kabisa. Tundu kubwa la ngazi au lifti lizungushiwe reli, ya juu ifike kama mita 1.1 na ya kati iwepo, ule utepe wa plastiki haumzuii mtu.

Saa mbaya zaidi ni pale fundi bomba anapofungua kifuniko apitishe bomba zake, halafu anaitwa mahali, anaacha wazi dakika tano tu, na huku mwingine anarudi kinyumenyume akivuta waya. Aliyefungua ndiye afunge, kabla hajaondoka, na kama hawezi asimamishe mtu hapo.

Na ukikuta plaiwudi chini usiinue ukatembea nayo. Chuchumaa, nyanyua upande mmoja, chungulia kwanza.

Mtu akidondoka msimvute wala kumkalisha, mgongo unaweza kuwa umeumia. Mwacheni alivyolala, labda kama kuna kitu kinataka kumwangukia, mmoja amshikie kichwa kisicheze, mwingine apige simu. Sisi siku ile tulimnyanyua watu wanne, huyu kashika mguu yule kashika mkono, tukamlaza juu ya plaiwudi ileile, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kufundishwa.