Gemu ya bunduki yenye namna mpya ya kulenga itauza? Jibu la aliyewahi kuwa na kibanda

Wakuu, mleta uzi anasema yeye na wenzake wanatengeneza gemu ya risasi ya konsoli (mashine ya gemu inayochomekwa kwenye TV), na wanachotegemea ni namna mpya ya kulenga ambayo kwingine haipo. Anauliza kama upya huo peke yake unatosha kuwafanya watu watoe hela. Waliotangulia wamegawanyika: wengine wanasema watu wanapenda vitu vipya, wengine wanasema watu wanataka Call of Duty basi, ile gemu ya vita waliyoizoea. Mimi nilikuwa na kibanda cha gemu Ngamiani, Tanga, kwa miaka kama mitano, nikakifunga 2013. Nitajibu kwa nilichokiona pale mtu anapoingiza mkono mfukoni.

Nianze na Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, maana ndiyo iliyonitia hasara.

Mwaka 2009 binamu yangu wa Maskati alinipa Wii aliyokwisha kuichoka pamoja na diski chache, mojawapo Red Steel. Kwa asiyeijua, hiyo ni gemu ya Ubisoft iliyotoka mwishoni mwa 2006, Wii yenyewe ilipoingia sokoni. Hulengi kwa kijiti cha gumba cha kwenye padi (kile kidude cha vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili). Unashika rimoti, unaielekeza kwenye TV kama mtu anayebadilisha chaneli, na bunduki inafuata mkono wako. Mbele kidogo unachomoa upanga na kupunga mkono kweli kweli. Nilipoijaribu nyumbani usiku nikajua nimepata mgodi. Asubuhi nikaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: BUNDUKI YA MKONO, DAKIKA KUMI MIA TANO. PS2 nilikuwa natoza mia mbili.

Wiki ya kwanza foleni ilifika hadi kwa mama wa chapati. Wiki ya tatu TV ile imekaa kama yatima, na vijana wote wamerudi kwenye mpira wa PS2. Hakuna aliyelalamika kwamba ni mbaya. Waliisifia, wakaendelea kuisifia, na hawakulipa tena.

Sababu moja ilikuwa ya kibanda changu tu. Ule mwamba mwembamba unaowekwa juu ya TV wengi wanadhani ndio unaoiona rimoti. Sivyo. Ule ni taa za infraredi tu (mwanga usioonekana kwa macho), kamera iko kwenye pua ya rimoti. Sasa bati langu lilikuwa na matundu ya misumari, na ikifika saa tisa alasiri miale ya jua inapenya kila mahali. Rimoti inaona taa sita badala ya mbili, na bunduki inaruka kama panzi. Panya walipokata waya wa zile taa niliwasha mishumaa miwili juu ya TV, na ikafanya kazi vizuri kabisa (si utani, jaribuni), ila mteja wa kwanza kuingia akauliza nani kafariki.

Sababu ya pili ndiyo inayomhusu mleta uzi. Kwenye Red Steel ukitaka kugeuka lazima upeleke alama ya kulengea hadi ukingoni mwa skrini, ndipo dunia ianze kuzunguka. Hapo katikati unalenga tu bila kugeuka. Akitokea adui mgongoni, unapeleka mkono pembeni, unasubiri picha izunguke, halafu unarudisha mkono katikati ndipo upige. Ukishakufa hivyo mara nne unaanza kuitazama saa ya ukutani, kwa sababu umelipia dakika kumi, na saba kati ya hizo zimeishia kujifunza mkono. Mtu wa Ulaya aliyenunua diski ana muda mrefu kuliko mteja wangu, lakini naye saa yake inatembea. Ni ndefu kidogo tu.

Mtu ataniambia Red Steel ilipita nakala milioni 1. Ni kweli. Ilitoka siku ambayo mwenye Wii mpya hakuwa na gemu nyingi za kuchagua, na alitaka kitu cha kumwonyesha jirani yake kwamba rimoti ni bunduki. Upya uliuza hapo, nakubali. Lakini tazameni kilichofuata. Red Steel 2 ilikuja 2010, ikitaka kile kifaa cha nyongeza cha MotionPlus ili upanga ufuate mkono sawasawa. Kila niliyemsikia alisema hii ndiyo iliyopatia, na waandishi wa gemu waliipa alama nzuri kuliko ya kwanza. Iliuza kidogo kuliko ya kwanza. Yaani udhibiti uliboreka, mauzo yakashuka. Mwenye hoja kwamba udhibiti mzuri unauza aanzie hapo kutufafanulia.

Mwaka uleule wa 2009 niliopata Wii kulikuwa na The Conduit, ya High Voltage Software wa Marekani, ikachapishwa na Sega. Hawa walifanya kazi ya heshima. Karibu kila kitu unakibadilisha mwenyewe, kasi ya kugeuka, ukubwa wa lile eneo la katikati lisilogeuza, kitufe gani kifanye nini, na unabadilisha huku unaona matokeo. Kwa mkono, sijashika gemu ya Wii iliyokuwa tamu zaidi. Novemba ya mwaka ule ikatoka Modern Warfare 2, mojawapo ya hizo Call of Duty, kwa padi ya kawaida, vitufe vilevile vya gemu yao ya 2007, na haikuja kwenye Wii kabisa. Siku ya kwanza peke yake iliuza nakala milioni 4.7 Amerika Kaskazini na Uingereza. The Conduit, kwenye mashine ambayo hatimaye iliuzwa zaidi ya milioni 100, haikuwahi kusogelea huko. Ukiitazama kwenye video ni bunduki, korido na viumbe vya kutisha, kama nyingine zote. Utamu ulikuwa kiganjani, na kiganja hakionekani kwenye tangazo.

Hilo la tangazo mkae nalo, kuna mtu hapo juu amelipita haraka. Picha nzuri inaonekana kwa sekunde tatu. Namna ya kulenga haionekani mpaka mtu ashike padi, na kwa kawaida anashika akiwa ameshalipa.

Turudi nyuma. Nilipokuwa mdogo likizo zangu mbili zilipita Maskati kwa hao binamu, na walikuwa na Nintendo 64 na GoldenEye 007. Ilitoka 1997, ikauza zaidi ya milioni 8. Padi yenyewe ilikuwa ya ajabu, mikono mitatu na kijiti kimoja katikati, na kitufe cha kufyatulia kiko chini kama kichocheo cha bunduki. Gemu ilikuwa na mipangilio mingi ya vitufe, hata wa kushika padi mbili kwa wakati mmoja, moja kila mkono. Hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kuugusa. Tuligombania kitu kingine: wanne kwenye skrini moja iliyogawanywa vipande vinne, na kaka mkubwa anayechungulia kipande chako. Na bunduki ilikuwa inajivuta yenyewe kidogo kuelekea kwa adui, kwa hiyo hata mimi mgeni nilipiga watu. Miezi michache kabla yake, mwaka uleule, mashine ileile ilikuwa na Turok, ambapo kijiti unatazamia na vitufe vya njano unatembelea. Hiyo kwa kweli iko karibu zaidi na tunavyocheza leo. Nayo iliuza vizuri, lakini haikukaribia GoldenEye.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Alien Resurrection ya PlayStation ya kwanza, mwaka 2000. Kijiti cha kushoto kutembea, cha kulia kutazama. Ndiyo, mpangilio huuhuu ambao leo mtoto wa darasa la pili anauona ni wa kuzaliwa nao. Wakati ule mhakiki mmoja aliutaja kuwa ndio kitu cha kutisha zaidi ndani ya gemu. Gemu ikapotea. Novemba 2001 ikaja Halo kwenye Xbox na mpangilio huohuo, ikapita nakala milioni 5, na kila mtu akaanza kuinakili. Tofauti ni nini? Halo ilijua gumba la binadamu ni zito. Alama ya kulengea ikipita juu ya adui, kasi ya kugeuka inapungua kidogo ili usimpitilize, na risasi inayokosa kwa kidogo inavutwa kwake. Bomu la mkono lina kitufe chake, kumpiga mtu kwa kitako kuna kitufe chake, huhitaji kubadilisha silaha kwanza. Mchezaji anajiona fundi siku ya kwanza na hajui kwamba amebebwa.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Mkono mpya unakosea, hakuna namna. Gemu inayouza ni ile inayousamehe wakati unajifunza, na ya kwenu mtaipima hapo kabla ya kupima jambo lingine.

Mfano uliopatia kuliko wote ni Splatoon ya Nintendo. Ilitoka Mei 2015 kwenye Wii U, mashine iliyododa, jumla yake milioni 13 na nusu hivi dunia nzima, na Splatoon peke yake ikakaribia milioni 5. Ya pili, kwenye Switch, mashine ya Nintendo iliyofuata, imepita milioni 13. Ya tatu, Septemba 2022, iliuza milioni 3.45 Japani tu kwa siku tatu. Na hii ni gemu ambayo ukiiwasha mara ya kwanza inakutaka ulenge kwa kuinamisha padi! Kijiti cha kulia kinageuza kushoto na kulia, juu na chini unainua padi yenyewe, na ukipotea kuna kitufe cha kurudisha macho mbele.

Mpwa wangu alianza kuicheza ile ya pili akiwa na miaka tisa. Nilikaa nyuma yake nimtazame kwa jicho la mwenye kibanda. Alikosa kila risasi. Anainua padi utadhani anachota maji, analenga dari. Lakini zile ni rangi, wakuu. Risasi iliyomkosa mtu inapaka sakafu, na mshindi ni timu iliyopaka eneo kubwa ndani ya dakika tatu. Mtoto amekosa dakika tatu nzima na ameisaidia timu yake kushinda. Akasema, "Tena!" Mpaka jioni alikuwa ananilenga mimi. Waliofikiria jambo lile, kwamba kukosa nako kuna faida, ndio waliouza kulenga kwa kuinamisha padi, na sidhani kama kwenye matangazo walihitaji kulitaja sana. Rangi zinaonekana kwa sekunde tatu.

Linganisheni na Star Fox Zero, 2016, kampuni ileile, mashine ileile, padi ileile yenye kihisi cha mwendo, kinachojua umeiinamisha. Chombo chako unakiona kwenye TV, lakini kulenga vizuri unatazama skrini ndogo ya kwenye padi. Macho yanapanda na kushuka kama ya mtu anayekula huku anamchunga mbuzi. Haikufika popote.

Kwa mleta uzi sasa, mambo machache bila kupangilia. Kama kulenga kwenu kunategemea kihisi cha mwendo, jueni padi za kawaida za Xbox hazina hicho kihisi, kwa hiyo mmeshafunga mlango mmoja kabla hamjaanza. Acheni kulenga kwa kawaida, kwa kijiti, kuwepo kwenye menyu, hata kama kunawauma. Faraja mnayo, vijana wengi wa mtaani sasa wanalenga kwa kutikisa simu kwenye PUBG Mobile, mikono yao si migeni kama ya wateja wangu wa 2009. Na msiwajaribishe marafiki zenu. Rafiki anavumilia. Tafuteni mtu asiyewajua, atoe hata mia tano yake, kaeni kimya nyuma yake na hesabuni dakika mpaka atakapotazama saa.

Mkifika Tanga njooni na hiyo padi, tutamjaribisha mpwa na wenzake, nao hawana huruma hata kidogo. Wii bado ninayo pia, inawaka. Mishumaa nitanunua mimi.